Ulikaji wa Mabomba na Matangi: Kupima Kutu Isiyoonekana

Mada hii iko mpakani mwa Kemia na Fizikia, na nadhani ndiyo sababu watahiniwa wengi huiruka. Kwenye Kemia umesoma kutu, elektrolisisi na mfuatano wa metali. Kwenye Fizikia umesoma mwangwi, ukinzani wa umeme, sumaku na miale ya gama. Hapa vyote vinakutana kwenye bomba moja. Hakuna fomula mpya ya kukariri. Kazi yako ni kujua ni lini utumie ipi.

Swali linaloongoza mada nzima ni hili: fundi anawezaje kujua ukuta wa bomba umebaki na unene kiasi gani bila kulikata bomba, na huku mafuta au gesi inaendelea kupita ndani yake?

Nianze na kisa. Shule niliyoanzia kazi ilikuwa karibu na bahari. Tangi la maji lilisimama juu ya nguzo nne za bomba la chuma, na kila likizo ya Desemba nguzo zile zilipakwa rangi upya. Zilipendeza. Siku moja fundi aliyeitwa kubadilisha koki alipita akizigonga kwa nyundo, moja baada ya nyingine. Ya kwanza iliita, ya pili ikaita, ya tatu ikaita. Ya nne ilitoa mlio butu, kama debe lililojaa mchanga. Alipoigonga tena chini kabisa, karibu na udongo, nyundo ikazama. Chini ya rangi hapakuwa na chuma tena, palikuwa na unga mwekundu. Wanafunzi walikuwa wakichota maji chini ya tangi lile kila asubuhi.

Fundi yule alifanya tunachokiita upimaji usioharibu: kuchunguza kitu bila kukikata, kukitoboa wala kukisimamisha kazi. Lakini angalia pia aligonga wapi. Kama angegonga usawa wa kifua chake tu, nguzo zote nne zingeita vizuri naye angeondoka akisema tangi ni salama. Kipimo husema ukweli kuhusu mahali kilipowekwa, na hapo tu. Shika hoja hii, maana tutairudia hadi kwenye swali la mwisho.

KWA NINI CHUMA HULIKA MAHALI FULANI NA SI KWINGINE

Ulikaji ni kuharibika kwa metali kutokana na mmenyuko wa kikemia kati yake na mazingira. Kutu ni ulikaji wa chuma. Ili kutu itokee kunahitajika maji na oksijeni, na chumvi huharakisha kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi. Hayo umeyajua tangu jaribio la misumari kwenye mirija ya majaribio.

Jambo ambalo watahiniwa husahau ni kwamba kutu ni betri ndogo. Sehemu moja ya chuma huwa anodi na hupoteza elektroni:

Fe → Fe²⁺ + 2e⁻

Elektroni husafiri ndani ya chuma hadi sehemu nyingine, kathodi, ambako oksijeni na maji huzipokea:

O₂ + 2H₂O + 4e⁻ → 4OH⁻

Ioni za chuma na za haidroksidi hukutana, zinaunda haidroksidi ya chuma, nayo huendelea kuoksidika hadi kuwa kutu, Fe₂O₃·xH₂O. Chuma huliwa kwenye anodi. Kila mwaka nasahihisha majibu yanayosema huliwa kwenye kathodi, pengine kwa sababu mwanafunzi amechanganya na upakaji wa metali kwa umeme, ambako metali hujikusanya kathodi. Usichanganye.

Basi anodi iko wapi? Hapo ndipo Kemia inapomwongoza fundi. Chini ya tope au uchafu, oksijeni haifiki kwa urahisi. Sehemu hiyo yenye oksijeni kidogo hugeuka anodi, huku chuma kilichozunguka, chenye oksijeni nyingi, kikiwa kathodi. Ndiyo maana uchafu uliotulia huchimba mashimo madogo yenye kina badala ya kuondoa tabaka jembamba kila mahali. Mahali metali mbili tofauti zinapogusana, ile iliyo juu zaidi katika mfuatano wa metali huliwa. Kwenye tangi, mstari ambapo maji yanakutana na hewa huathirika sana. Kwenye bomba la gesi, maji machache yaliyonaswa sehemu ya bondeni hujaa kaboni dayoksaidi na kuwa asidi hafifu inayokula chuma hata pasipo oksijeni:

Fe + H₂CO₃ → FeCO₃ + H₂

Ukiulizwa upime wapi, jibu lako lianzie hapa: mabondeni, kwenye kona, chini ya uchafu, kwenye maungio na mpakani mwa maji na hewa.

Mfano wa 1. Mkondo wa ampea 1 unatoka kwenye bomba la chuma kuingia udongoni kwa mwaka mzima. Ni chuma kiasi gani kitakachopotea? (Fe = 56; 1F = C 96,500)

Mwaka una sekunde 31,536,000. Chaji Q = It = 1 × 31,536,000 = C 31,536,000. Moli za elektroni = 31,536,000 ÷ 96,500 = 326.8. Kila atomu ya chuma hutoa elektroni mbili, kwa hiyo moli za chuma = 163.4, na tungamo = 163.4 × 56 = g 9,150, yaani karibu kg 9.15.

Kilo tisa za chuma zisizoonekana na mtu yeyote, kwa sababu bomba limezikwa. Rudi usome mfano huu ukiwa na njaa, utaona ni zaidi ya pakiti nne za unga wa kilo mbili.

MWANGWI NDANI YA CHUMA

Ukipiga kelele mbele ya mwamba, sauti hurudi. Ukijua mwendokasi wa sauti na muda uliopita, unajua umbali wa mwamba. Kipima unene cha mawimbi ya sauti hufanya hivyohivyo, ila mitetemo yake ni mingi mno kwa sekunde, zaidi sana ya 20,000 ambayo ndiyo mwisho wa sikio la binadamu. Kichwa cha kifaa hubandikwa juu ya bomba kwa jeli, kwa sababu hewa kidogo ikibaki katikati hurudisha karibu mawimbi yote kabla hayajaingia kwenye chuma. Wimbi huingia, hugonga upande wa ndani wa ukuta, na kurudi.

Mfano wa 2. Mwendokasi wa sauti katika chuma cha bomba ni m/s 5,900. Mwangwi ulirudi baada ya sekunde 4.0 × 10⁻⁶. Miaka minne baadaye, mahali palepale, ulirudi baada ya sekunde 3.6 × 10⁻⁶. Bomba haliruhusiwi kuwa jembamba kuliko mm 8.0. Tafuta unene katika kila kipimo, kiwango cha ulikaji kwa mwaka, na miaka iliyobaki.

Unene wa kwanza = (5,900 × 4.0 × 10⁻⁶) ÷ 2 = m 0.0118 = mm 11.8.
Unene wa pili = (5,900 × 3.6 × 10⁻⁶) ÷ 2 = m 0.01062 = mm 10.62.
Upungufu = mm 1.18 kwa miaka 4, yaani mm 0.295 kwa mwaka.
Kilichobaki kabla ya kufika kikomo = 10.62 − 8.0 = mm 2.62.
Miaka iliyobaki = 2.62 ÷ 0.295 = karibu miaka 8.9.

Kosa linalomaliza alama hapa ni kusahau kugawa kwa mbili. Wimbi limekwenda na kurudi. Ukisahau utapata mm 23.6, ukuta mnene maradufu ya bomba lenyewe, na hiyo ingekushtua kama una mazoea ya kuliangalia jibu lako kabla ya kugeuza ukurasa.

Sasa swali ambalo vitabu vingi haviulizi: je, fundi asubiri miaka 8.9? Hapana. Kanuni inayotumika sana katika viwanda vya mafuta ni kurudi kupima kabla nusu ya muda uliobaki haijaisha, hapa kabla ya miaka 4.4 hivi. Hesabu yetu imedhani kwamba ulikaji utaendelea kwa kasi ileile. Maji yakiongezeka kwenye mafuta, au tope likitulia, kasi hubadilika bila kumtaarifu mtu.

KIHISI KINACHOLIWA PAMOJA NA BOMBA

Fundi mwenye kipima unene huja mara moja na kuondoka. Kihisi hubaki. Ni kifaa kinachokaa mahali pamoja usiku na mchana na kutuma taarifa, kwa waya au kwa redio, hadi chumba cha udhibiti.

Kihisi rahisi kukielewa ni cha ukinzani. Utepe mwembamba wa chuma kilekile cha bomba huwekwa ndani ya bomba, uliwe pamoja nalo. Unakumbuka R = ρL ÷ A. Utepe ukiliwa, eneo la mkato A linapungua, kwa hiyo R inapanda. Fundi anasoma ukinzani tu, naye anajua unene.

Mfano wa 3. Utepe wa kihisi una urefu wa mm 100, upana wa mm 5 na unene wa mm 0.5. Ukinzani mahususi wa chuma chake ni Ωm 1.5 × 10⁻⁷. Baada ya miezi sita ukinzani umefika Ω 0.0075. Ikiwa utepe unaliwa upande mmja wa uso wake mpana tu, tafuta kiwango cha ulikaji.

Ukinzani wa mwanzo = (1.5 × 10⁻⁷ × 0.1) ÷ (0.005 × 0.0005) = Ω 0.006.
Urefu na upana havijabadilika, hivyo unene mpya = 0.5 × (0.006 ÷ 0.0075) = mm 0.4.
Upungufu ni mm 0.1 kwa miezi sita, yaani mm 0.2 kwa mwaka.

Mtego: ukinzani wa metali hupanda pia joto linapopanda. Mafuta ya moto yakipita, kihisi kinaweza kudai bomba linaliwa kumbe limepata joto tu. Kwa hiyo watengenezaji huweka utepe wa pili, uliofunikwa usiliwe, karibu na wa kwanza. Joto huathiri tepe zote mbili sawasawa. Ulikaji huathiri mmoja. Fundi hulinganisha. Ukipewa swali la kueleza kazi ya utepe wa pili, jibu ni hilo, na sentensi mbili zinatosha.

Njia ya zamani zaidi, ambayo haijaachwa, ni kipande cha majaribio: kipande cha chuma hupimwa uzito, hutundikwa ndani ya bomba kwa miezi kadhaa, hutolewa, husafishwa na kupimwa tena. Ni rahisi na hukuonyesha sura ya ulikaji kwa macho, kama ni mashimo au ni tabaka. Tatizo ni kwamba habari unayoipata ni ya wastani wa miezi iliyopita.

SUMAKU, MIALE NA RANGI

Mabomba marefu hayapimwi kwa mkono hatua kwa hatua. Bomba la TAZAMA, lililoanza kazi mwaka 1968, lina urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola nchini Zambia. Kwa mabomba ya aina hii hutumika chombo kinachosukumwa ndani na mafuta yenyewe. Mafundi duniani kote wamekipa jina la nguruwe. Aina ya kwanza husafisha tu, ikikwangua nta na tope. Aina ya pili hupima.

Chombo cha kupimia hubeba sumaku kali zinazojaza uga wa sumaku ndani ya ukuta wa bomba. Ukuta ukiwa mzima, mistari ya uga hupita ndani ya chuma. Ukuta ukiwa umeliwa, chuma kilichobaki hakitoshi kuibeba mistari yote, na mingine huvuja nje. Vihisi vilivyopangwa kuzunguka chombo hunasa mvujo huo na kuuandika pamoja na umbali uliosafiriwa. Chora mchoro huu kwenye daftari lako: ukuta mzima upande wa kushoto, ukuta wenye shimo upande wa kulia, na mistari ikichomoza penye shimo. Mchoro mzuri huokoa aya nzima ya maelezo.

Miale ya gama hutumika zaidi kwenye maungio ya kuchomelea. Chanzo, mara nyingi iridiamu-192 yenye nusu-maisha ya siku 74 hivi, huwekwa upande mmoja na filamu upande wa pili. Penye ukuta mwembamba miale mingi hupita, na filamu huwa nyeusi zaidi. Wanafunzi hugeuza hili, wakidhani penye shimo patakuwa peupe. Kazi hii hufanywa na watu wenye kibali tu. Tanzania usimamizi wake uko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na eneo huzungushiwa kamba hata kama ni saa nane usiku.

Kimiminika chenye rangi, kinachoingia kwenye nyufa kwa nguvu ya kapilari, huonyesha nyufa zilizofika juu ya uso pekee. Zaidi ya hapo hakikusaidii.

MACHI 2006, ALASKA

Tarehe 2 Machi 2006, kwenye uwanja wa mafuta wa Prudhoe Bay, Alaska, nchini Marekani, mfanyakazi aliyekuwa njiani alisikia harufu ya mafuta. Bomba lenye kipenyo cha inchi 34 lilikuwa limetoboka kwa chini. Tundu lilikuwa dogo, halizidi korosho, lakini zaidi ya galoni 200,000 za mafuta ghafi zilikuwa zimemwagika kwenye theluji kabla ya mtu kugundua. Mvujo ulikuwa mdogo mno ukilinganishwa na mafuta yaliyokuwa yakipita, na mitambo ya kutambua uvujaji haikumfanya mtu aende kuangalia.

Soma tena sehemu ya anodi, kisha jiulize tundu lilikuwa wapi. Lilikuwa pale bomba liliposhuka chini ili wanyama wa porini wapite juu yake. Bondeni. Mafuta yalikuwa yakienda polepole, tope na maji vikatulia, na chini ya tope bakteria na ulikaji vikafanya kazi. Waendeshaji hawakuwa wamelala kabisa. Walikuwa na vipande vya majaribio, na walikuwa wakipima unene kwa mawimbi ya sauti kwenye sehemu walizozichagua. Vipimo vile havikuwa na kosa la hesabu. Havikuwekwa penye tundu. Chombo cha kupimia ukuta mzima kilikuwa hakijapita kwenye bomba hilo tangu 1998.

Baada ya ajali, kampuni ilipitisha chombo hicho kwenye bomba jingine la uwanja huohuo. Matokeo yalikuwa mabaya kiasi kwamba Agosti mwaka huo ilianza kufunga sehemu ya uzalishaji.

Alaska hakufa mtu. Karibu na Carlsbad, jimbo la New Mexico, tarehe 19 Agosti 2000, bomba la gesi lililoliwa kutoka ndani lilipasuka, na watu 12 wa ukoo mmoja waliokuwa wamepiga kambi karibu na mto walipoteza maisha. Huko nako ilikuwa ni maji yaliyonaswa sehemu ya chini ya bomba, na sehemu hiyo haikuwa imejengwa kwa namna inayoruhusu chombo cha kusafisha kupita.

Sitaki ukariri tarehe hizi; mtihani hautakuuliza. Nataka uone kwamba swali la "taja sehemu tatu ambazo ungeweka vihisi, na utoe sababu" lina watu ndani yake.

KUPIMA KINGA PIA

Rangi, lami na plastiki huzuia maji yasifike kwenye chuma. Zinki au magnesiamu iliyounganishwa na bomba huliwa badala ya chuma kwa sababu iko juu yake katika mfuatano. Bomba refu hupewa pia umeme wa mkondo mnyoofu kutoka nje ili lote liwe kathodi. Kinga hii nayo hupimwa: fundi huunganisha voltimita kati ya bomba na elektrodi ya shaba ndani ya salfeti ya shaba iliyowekwa juu ya udongo. Kwa chuma kilichozikwa, kipimo kinachokubalika kwa kawaida ni volti −0.85 au chini zaidi ya hapo, kwa mfano −0.95. Angalia alama ya kutoa: −0.60 si "ndogo lakini inatosha". Inamaanisha kinga haitoshi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mwangwi ulirudi baada ya sekunde 3.0 × 10⁻⁶ kwenye bomba la chuma (m/s 5,900). Tafuta unene wa ukuta.

2. Kipande cha majaribio chenye eneo la cm² 20 kilipoteza g 0.79 kwa miezi sita. Msongamano wa chuma ni g/cm³ 7.9. Tafuta kiwango cha ulikaji kwa mwaka.

3. Chanzo cha iridiamu-192 kina ukali wa vipimo 40. Kitabaki na vipimo vingapi baada ya siku 222?

4. Bomba la mafuta linatoka kilimani, linapita chini ya barabara bondeni, linapanda tena na kuingia kwenye tangi lililo ufukweni. Koki ya tangi ni ya shaba na bomba ni la chuma. Una vihisi vinne tu. Eleza ungeviweka wapi na kwa nini.

Majibu: (1) mm 8.85. (2) Ujazo uliopotea ni cm³ 0.1, ukigawa kwa eneo unapata cm 0.005, yaani mm 0.05 kwa nusu mwaka, hivyo mm 0.1 kwa mwaka. (3) Nusu-maisha tatu: vipimo 5. (4) Kimoja upande wa chini wa bomba pale bondeni, kwa maji na tope. Kimoja kwenye kona inayoanza kupanda. Kimoja kwenye chuma kilicho karibu na koki, si kwenye shaba, kwa kuwa chuma ndicho kitakacholiwa. Na kimoja chini ya sakafu ya tangi, ambako maji ya chumvi yanaweza kufika. Mtahiniwa atakayeviweka vyote kilimani kwa sababu ndiko rahisi kufika hapati alama, hata akichora vizuri.